Kujipiga picha za giza geto kwa simu na balbu moja: njooni tuelekezane

Mla Kivuli (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita nilitupia picha yangu moja humu, nusu ya uso inaonekana na nusu imemezwa na giza, basi inboksi haijapoa. "Mkuu studio gani hiyo?" Studio ni chumba changu cha kupanga hapa Magomeni, futi kumi kwa kumi. Kuna kitanda, feni, kabati la kioo na ndoo mbili za maji. Simu ni ya kawaida kabisa, ya zile zinazopangwa kama sabuni kwenye maduka ya Kariakoo. Badala ya kumjibu mmoja mmoja nimeona nianzishe uzi.

Niseme mapema kwamba mimi si mpiga picha wa harusi. Mchana niko stoo nahesabu maboksi. Nilianza kujipiga mwenyewe kwa sababu hakuna binadamu atakayekubali kukaa kwenye kigoda masaa mawili, saa nne usiku, kwa joto hili la Dar, huku namwambia "kidevu kushoto kidogo, hapana, kimezidi". Mwenyewe nikichoka naenda kulala, halina kesi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa ringi laiti, ile taa ya duara. Nilishuka mtaa wa Aggrey nikatoa elfu ishirini na tano pamoja na stendi yake, nikarudi nimevimba kichwa. Nikaiwasha mbele ya uso. Ikatoka picha ya pasipoti. Uso unang'aa wote, ukuta unang'aa, ndoo nazo zinang'aa. Nikapunguza mwanga, ikatoka picha ya pasipoti iliyopigwa jioni. Nilihangaika hivyo miezi miwili, naisingizia simu.

Siku moja umeme ukakatika saa mbili usiku. Nikawasha kitochi changu cha akiba, nikakiegemeza kwenye ndoo kikiangalia ukuta wa pembeni, nikatoka uani. Narudi, napita mbele ya kioo cha kabati, nikasimama. Shavu moja lina mwanga laini, upande wa pili haupo. Haupo kabisa! Jicho linaonekana kwa mbali kama mtu anachungulia mlangoni. Ndipo nikaelewa kwamba siku zote nilikuwa naongeza mwanga kwenye chumba kinachotakiwa kunyimwa.

Tuanzie hapo, maana hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Vyumba vyetu vimepakwa nyeupe au krimu na kuta ziko karibu. Ukiwasha taa yoyote, mwanga unagonga ukuta, unapanda dari, unashuka, unakuja kujaza kile kivuli ulichokuwa unakitafuta. Kwa hiyo kabla hujagusa kamera, tafuta kitambaa cheusi kisichong'aa. Mimi nina baibui la zamani la dada yangu. Nalibana kwa vibanio kwenye kamba ya chandarua, linaning'inia upande wa giza wa uso wangu, kama nusu mita kutoka shavuni. Kazi yake ni kunyonya mwanga tu. Piga picha moja bila baibui na moja nalo, utaniambia.

Pili ni umbali, na hapa kuna hesabu ambayo haina ubishi. Umbali kutoka kwenye taa ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika unabaki robo. Ukiongezeka mara nne, unabaki sehemu moja ya 16. Sasa weka taa nusu mita kutoka usoni, ukuta wa nyuma yako uwe mita mbili kutoka kwenye taa. Ukuta unapata 1/16 ya kile kinachopata uso, yaani kwenye picha unageuka usiku wa manane hata kama umepakwa chokaa jana. Taa hiyo hiyo ukiipeleka mita mbili kutoka usoni na ukuta ukawa mita tatu na nusu kutoka kwenye taa, ukuta unapata karibu theluthi. Ndoo zako zote tutaziona. Watu wanadhani taa ikikaa karibu chumba kinakuwa na mwanga zaidi, kumbe picha ndiyo inazidi kuwa giza, mradi usisahau kupunguza mwanga kwenye kamera.

Taa yenyewe ni balbu ya wati 9, ya njano. Angalia kwenye boksi imeandikwa 2700K au 3000K, hiyo ni namba ya rangi ya mwanga, ikiwa ndogo ndiyo njano zaidi. Ile nyeupe ya 6500K inakufanya uonekane umetoka wodini. Naitia kwenye boksi la viatu nililolitoboa mlango mdogo upande mmoja, na mlango nauziba kwa karatasi nyeupe. Usiiache ikiwaka humo nusu saa, hata LED kitako kinapata moto. Boksi nalipandisha juu kidogo ya macho, pembeni, si mbele. Natafuta mpaka nione upande wa giza una kipande kidogo cha mwanga chini ya jicho, kama sambusa. Kikitokea hicho, acha hapo hapo, kaa.

Kamera tumia ya nyuma. Ya mbele kwenye simu nyingi ni dhaifu gizani, chembechembe zinajaa kama mchanga wa Coco Beach. Utauliza utajionaje. Chukua kioo kidogo cha kunyolea, kisimamishe nyuma ya simu. Stendi kama huna, kopo la maziwa ya unga ukilijaza mchele linashika simu vizuri kuliko stendi nyingi nilizowahi kununua. Pale utakapokaa weka kwanza mto juu ya kigoda, huo mto ufike kimo cha uso wako, bonyeza juu yake kwenye skrini kwa muda mpaka fokasi ijifunge. Toa mto, kaa wewe. Taima sekunde 10. Kama una earphone za waya, kwenye simu nyingi kitufe cha sauti kinapiga picha. Waya upitishe chini ya shati.

Kama kamera ya simu yako ina sehemu ya Pro, ya kujipangia mwenyewe, anza na ISO 200 (wepesi wa kamera kupokea mwanga) na shata 1/50 (muda wa kupokea mwanga, sehemu ya sekunde) kwa balbu hiyo ikiwa nusu mita bila karatasi. Ukishaweka karatasi panda ISO 400. Kama simu haina Pro, kuna programu ya bure inaitwa Open Camera, jaribu, ingawa si simu zote zinaikubalia kila kitu. Ile hali ya usiku ya simu izime. Inapiga picha nyingi, inaziunganisha, halafu inainua giza lote. Yaani wewe umeshinda saa nzima unaficha ndoo, yenyewe inakurudishia.

Kuhariri sina maneno mengi. Snapseed, shusha kidogo sehemu za giza, basi. Ukianza kulainisha ngozi umeharibu, bora ungebaki na ringi laiti.

Karibuni kwa maswali.

Bint wa Tandika

Kwanza kabisa uzi bila picha ni batili 😂

Pili, kaka yangu, mimi ni mweusi tii. Nikijipiga usiku simu inanifanya kijivu, kama nimepakwa majivu. Nikiwasha fleshi ndiyo balaa, paji la uso jeupe na kwingine kote sipo. Hayo mambo ya sambusa shavuni kwangu yatawezekana?

Mla Kivuli

Dada, kwako ndiyo yanapendeza kuliko kwangu. Huo ukijivu unatokana na jinsi kamera inavyopima mwanga. Inadhani kila kilicho mbele yake wastani wake ni kijivu cha kati. Ukiiwekea chumba cheusi na mtu mweusi inasema "hapa kuna tatizo", inapandisha mwanga. Gusa uso wako kwenye skrini, itatokea alama ya jua, ivute chini mpaka -1, hata -2. Utashangaa weusi wako unarudi.

Halafu ngozi nyeusi inapenda kurudisha mng'ao. Taa ikitoka pembeni, mfupa wa shavu, pua na bega vinachora mstari wa mwanga wenyewe. Paka mafuta ya nazi kidogo, usipake poda. Tena sisi wa Dar tuna bahati: ukishaziba dirisha na kuzima feni, baada ya dakika tano jasho linakufanyia kazi bure. Mimi sijifuti. Ninachofuta ni lenzi ya simu, maana mafuta ya kidole yanatengeneza ukungu kuzunguka taa, watu wanadhani ni ufundi.

Bint wa Tandika

Sawa mtaalamu. Kuna mpiga picha wa Afrika Kusini, Zanele Muholi, anajipiga picha nyeusi na nyeupe halafu anaongeza tofauti ya giza na mwanga mpaka ngozi inakuwa nyeusi kuliko ilivyo. Kichwani anavaa vitu vya nyumbani, vibanio vya nguo, steelwire ya kusugulia masufuria. Nilipoziona nikasema kumbe weusi haukuwa wa kuurekebisha. Ndiyo maana nilikuwa natafuta mtu wa kunielekeza kwa simu. Ngoja nikajaribu, baibui ninalo.

Mjukuu wa Mbagala

Mkuu umetisha. Ila mimi picha zinatoka na mistari mistari ya giza inapita kama pazia. Simu imekufa au?

Mla Kivuli

Simu nzima kabisa. Ni balbu. Umeme wetu ni wa 50Hz, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo LED za bei chee zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila shata ya haraka inaona. Weka 1/50 au 1/100, au shuka 1/25. Ukiweka 1/60 au 1/250 unaitafuta hiyo mistari. Ikikataa kabisa badili balbu, au tumia tochi ya kuchaji.

Mjukuu wa Mbagala

Imeisha hiyo! 1/50 safi. Kumbe nilitaka kuuza simu.

Fundi Mkanda

Vijana hamjambo.

Nimesoma nikatabasamu. Hiyo sambusa ya mleta mada ina jina, inaitwa mwanga wa Rembrandt, kwa sababu ya mchoraji wa Uholanzi aliyeishi 1606 hadi 1669 na picha zake nyingi, za kujichora mwenyewe zikiwemo, zina mwanga wa namna hiyo. Studio za zamani walikuwa wanatufundisha kwa jina hilo hilo.

Mimi nilisafisha picha miaka ya 80 katika studio moja mjini. Mkanda ulikuwa na picha 36. Mteja akija kupiga pasipoti, hukati mkanda kwa ajili yake, unasubiri ujae. Jioni zikibaki mbili tatu, sisi mafundi tunakaa kitini wenyewe ili mkanda uishe usafishwe usiku. Tukizima taa mbili tukabaki na moja, tunajiona wacheza sinema. Nilidhani ni utundu wetu wa Dar. Baadaye sana ndipo nikasoma habari za Samuel Fosso. Alizaliwa Kameruni 1962, akafungua studio yake Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Mchana anapiga wateja, akishafunga anamalizia mkanda kwa kujipiga mwenyewe, nyingine anamtumia bibi yake Nigeria. Picha hizo za kumaliza mkanda leo zimo kwenye makumbusho makubwa duniani. Zetu sijui nani alizitupa.

Na anayedhani kujipiga kumeletwa na simu, Robert Cornelius wa Philadelphia, Marekani, alijipiga mwaka 1839. Enzi hizo unakaa mbele ya kamera kwa dakika, si sekunde, bila kutikisika. Ninyi mnakaa sehemu ya sekunde tu.

Bint wa Tandika

Shikamoo mzee. Hizo za kwako hata moja haikubaki?

Fundi Mkanda

Marahaba mwanangu. Imebaki moja, mke wangu anayo kwenye Biblia yake. Nina afro.

Mla Kivuli

Shikamoo mzee wangu. Hebu itupie humu siku moja, mama akiruhusu.

Kiberiti Kimelowa

Mbona hamzungumzii mshumaa? Mshumaa ndio wenyewe bana. Rangi ile balbu haiwezi.

Mla Kivuli

Nimeukwepa makusudi, ngoja niseme kwa nini. Rangi yake ni nzuri kweli, nyekundu kuliko balbu yoyote ya njano. Lakini mwanga wake mdogo mno. Mshumaa mmoja nusu mita kutoka usoni, unahitaji ISO 800 na shata robo ya sekunde. Kwa robo ya sekunde hata kupumua kunaonekana. Egemeza kisogo ukutani, toa pumzi nusu, tulia, ndipo piga. Mishumaa miwili pamoja inakupa 1/8, nafuu.

Sababu kubwa ni hii. Mwezi wa tatu nilikuwa nimekaa kitandani, mshumaa kwenye sahani, chandarua nimekikunja juu. Feni nilisahau kuizima. Chandarua kikashuka taratibu kama kinakuja kusalimia. Nilikiwahi kwa ndoo ya maji, kimetoboka tundu la sahani, godoro limelowa, nimelala chini siku mbili. Na picha ya tukio sina, taima ilikuwa bado inahesabu.

Kama ni lazima mshumaa, toa chandarua kabisa, zima feni, mshumaa ukae ndani ya glasi juu ya sakafu ya saruji, ndoo iwe karibu. Baibui lenyewe liwe mbali.

Kiberiti Kimelowa

😂😂 Pole mkuu. Jirani hakuuliza?

Mla Kivuli

Aliuliza kwa njia yake. Mama mwenye nyumba alikuja asubuhi akasimama mlangoni. "Baba, kuna mtu kaniambia humu ndani usiku kuna nguo nyeusi na mishumaa. Unasali wapi wewe?" Ilibidi nimwoneshe picha zote kwenye simu. Akaziangalia sana, akasema, "Mbona hucheki hata moja?" Siku hizi akinikuta uani ananiuliza kama nimeshacheka.

Mama wa Wawili

Wadogo zangu, mimi usiku sina nafasi, nina watoto. Nyumba yetu Tabata ina madirisha ya zile luva za vioo vya kupishana, nondo na wavu wa mbu. Nimejaribu mchana, mwanga unaingia kila upande. Kuna namna?

Mla Kivuli

Dada yangu, wewe una taa nzuri kuliko sisi wote. Wavu wa mbu unalainisha mwanga kidogo na luva unazifungua unavyotaka. Ziba madirisha yote ubaki na moja, na hilo moja lizibe kwa kitenge ubakishe ufa wa upana wa kanga iliyokunjwa mara nne. Kaa karibu kabisa na ukuta wa dirisha, ubavu ukielekea kwenye ufa, nyuma yako kuwe na chumba kirefu. Ni hesabu ile ile ya umbali.

Saa nzuri ni jua linapozama, ila uwahi, maana huku kwetu giza halisubiri. Mwezi wa sita jua la Dar linazama kama saa 12 na robo jioni, mwezi wa kwanza linasogea hadi karibu saa 1 kasoro dakika 10. Likishazama una dakika kama 20 za mwanga wa bluu, kisha kwisha. Ukiwasha balbu ya njano nyuma ya mlango wakati huo, uso bluu, mlango rangi ya chungwa. Hapo sina la kukuongezea.

Mama wa Wawili

Asante sana. Niwaambie kwa nini nauliza. Tulipomzika mama yangu hatukuwa na picha yake ya peke yake. Kila picha yuko pembeni ya harusi ya mtu, ameshika mtoto wa mtu. Fundi akakata kichwa kutoka kwenye picha ya kipaimara changu akakikuza, bega langu linaonekana pale pembeni. Sitaki wanangu wakate kichwa changu kwenye harusi ya mtu.

Fundi Mkanda

Pole sana mama. Nimekuza vichwa vya namna hiyo vingi. Ukijipiga, peleka moja ikasafishwe kwenye karatasi, usiiache kwenye simu peke yake.

Mama wa Wawili

*(siku mbili baadaye)*

Nimejaribu jana, dirisha la jikoni. Watoto walikuwa kwa bibi yao. Nimepiga kama arobaini, tatu zimefaa. Sambusa imetokea! Ila navaa miwani, na kwenye zote tatu dirisha limejichora kwenye kioo, jicho moja halionekani. Nikivua miwani najiona si mimi.

Mla Kivuli

Usivue. Inua kidogo mikono ya miwani juu ya masikio, kama sentimita moja, vioo vitainamia chini na dirisha litatoka. Kwenye picha haionekani. Bado likiwepo, geuza uso kidogo kutoka kwenye ufa, nukta kwa nukta, huku unajitazama kwenye kile kioo cha kunyolea. Kuna mahali linayeyuka ghafla na jicho linarudi. Ukipapata, weka alama ya chaki chini ya mguu wa kigoda.

Mama wa Wawili

Chaki ya mtoto ipo. Leo jua linazama saa ngapi?